Namba 17: mama alitunza karatasi yangu miaka miwili, nami nikaja mikono mitupu

Namba ilikuwa 17. Niliiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika, mara mbili, juu na chini ya kipande cha karatasi ngumu, kisha nikakikata katikati. Nusu moja nikaibana kwenye mfuko wenye majani ya muhogo, nusu ya pili nikampa mwenye shamba. "Mama, hii itunze. Tukishapima tutarudi kukuambia shamba lako lina nini." Ilikuwa Aprili 2018, kijiji kimoja wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, masika yamepamba moto.

Nilirudi Novemba 2020. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kwenye mkeka barazani, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na daftari la kikundi chao cha kuweka na kukopa. Katikati ya kurasa akachomoa kile kipande cha karatasi. Kimegeuka manjano, kimekunjwa mara moja tu, namba inasomeka vizuri kabisa. Akakiweka mkekani mbele yangu.

"Mwanangu, namba yangu ilisema nini?"

Namba 17 haikusema kitu. Majani yake yalioza njiani kabla hayajafika maabara. Nililijua hilo tangu wiki ile ile ya kwanza, na kwa miaka miwili na miezi saba sikuwahi kumwambia.

Ninaandika haya kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili, mhadhiri kijana au afisa ugani ambaye siku moja ataambiwa: kuna chuo cha nje kinataka kushirikiana nasi kwenye utafiti wa mimea, wewe utakuwa mratibu wa huku. Nilipoambiwa hivyo niliona mlango umefunguka, na kweli ulifunguka. Lakini kuna mambo mengi ambayo hakuna aliyeniambia.

Andiko la mradi lilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza utafiti: kupima virusi vya muhogo mashambani. Ya pili elimu: wanafunzi wetu kwenda kwenye maabara yao na wao kuja kwetu, pamoja na klabu za sayansi kwenye sekondari mbili. Ya tatu waliiita kushirikisha jamii. Sehemu ya kwanza ilikuwa na kurasa kumi na moja, ya pili tatu, ya tatu nusu ukurasa. Nililisoma usiku kucha kwa furaha na wala sikuiona ile nusu ukurasa. Leo nikipewa andiko lolote, ninaanza na sehemu iliyo fupi kuliko zote, kwa sababu huko ndiko fedha zitakapopungua.

Ugonjwa wenyewe ni wa nyumbani. Michirizi kahawia ya muhogo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey, akiwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milimani juu ya Muheza. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Hapo hapo Amani, Storey na wenzake walichanganya muhogo na mpira, ule mti wa jamii ya muhogo unaotoa utomvu, wakitafuta mbegu itakayostahimili. Mbegu ya Namikonga, ambayo Kenya huitwa Kaleso, inahesabiwa kuwa ya ukoo wa mahuluti hayo. Baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya, na Amani ikawa kituo cha malaria.

Ubaya wa michirizi ni kwamba unajificha. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, unaiona kwa macho, majani machanga ya juu yanajikunja na kuwa na mabaka. Michirizi huonekana zaidi kwenye majani yaliyokomaa ya chini, umanjano unaoandama mishipa ya jani, na mtu akipita haraka atadhani ni uzee wa jani. Mti unaweza kusimama umenawiri, mkulima akahesabu mavuno, kisha akichimba na kukata mzizi anakuta ndani vipande vikavu vya rangi ya kahawia, vigumu kama kizibo. Haufai kuchemsha, haufai makopa. Wengi huchimba mapema, kabla mzizi haujakomaa, ili wauwahi ugonjwa, na hapo uzito wanaupoteza. Inzi weupe hubeba virusi kutoka mti hadi mti, na sisi wenyewe tunavibeba kutoka kijiji hadi kijiji kwa kugawana pingili. Jirani anakupa pingili kwa wema wake, na ugonjwa unakuja ndani yake.

Makosa yangu yalianza na barua. Nilidhani kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kikishatoka kazi imekwisha. Kumbe kibali ni mwanzo. Unapeleka barua kwa katibu tawala wa mkoa, unapewa ya kwenda wilayani, wilaya inakupa ya kwenda kwa mtendaji wa kata, naye anakupeleka kwa mtendaji wa kijiji, kisha mwenyekiti wa kitongoji. Kila meza inataka nakala na kila meza ina siku zake. Mimi nilitenga siku mbili, zikawa tisa, huku gari la kukodi linahesabu kila siku. Siku hizi ninatangulia wiki tatu kabla, peke yangu, kwa basi, nikiwa na nakala kumi za kila barua na muda wa kukaa na mtendaji tukazungumza. Mtendaji akiuelewa mradi, anautetea hata usipokuwepo.

Kisha majani. Wenzetu walitutumia maelekezo yaliyoandikwa kwa mtu mwenye jokofu la kugandisha ndani ya gari. Sisi tulikuwa na boksi la barafu. Tulichuma majani yakiwa yamelowa mvua, tukayaweka kwenye mifuko ya plastiki, tukapanga juu ya barafu tuliyonunua kwa muuza samaki mjini. Siku ya pili barafu ikayeyuka. Siku ya tatu gari lilikwama kwenye tope, tukalala njiani. Nilipofungua boksi Morogoro harufu ilinipiga usoni. Majani yamekuwa meusi, yanateleza kama mlenda. Virusi vya michirizi hupimwa kwa kutafuta RNA yake, yaani chembe zinazobeba urithi wake, na RNA huharibika upesi sana jani likianza kuoza. Kati ya mifuko 96, 41 ilikuwa haifai hata kujaribu. Nilikaa sakafuni pale maabara nikalia, sioni aibu kulisema.

Dawa yake ilikuwa rahisi, na mzee mmoja fundi sanifu wa maabara aliijua siku zote, ila hakuna aliyemwuliza. Subiri umande ukauke. Futa jani. Lilaze kati ya kurasa za gazeti, libane kwa mbao mbili na kamba, badilisha gazeti kila jioni. Au weka kipande cha jani kwenye bahasha ya karatasi pamoja na chembe za silika zinazonyonya unyevu. Jani lililokauka vizuri hivyo linasafiri bila barafu na bado linapimika. Tulipofanya hivyo safari ya pili hatukupoteza hata bahasha moja. Basi kabla ya kufuata maelekezo kutoka mbali, mwulize fundi aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini kwenye joto hili hili na umeme huu huu wa kukatika.

Lakini kosa lililoumiza watu halikuwa la majani. Lilikuwa la neno moja.

Siku ya mkutano wa kijiji nilisimama chini ya mwembe, mtendaji amenitambulisha kuwa dada mtaalamu kutoka chuo kikuu. Nikasema kwa sauti: "Mihogo yenu ina virusi." Nilikuwa nimelitumia neno hilo chuoni mamia ya mara. Pale kijijini neno virusi lina maana moja tu, na kila mtu aliyekuwepo alikuwa amezika ndugu kwa maana hiyo. Kulikuwa na kimya. Mama aliyekaa mbele yangu alikuwa amempa mwanawe kipande cha muhogo wa kuchoma. Alinyoosha mkono akamtoa mtoto kile kipande mdomoni, taratibu, akakitupa nyuma yake. Nilimwona. Niliendelea kuzungumza.

Baada ya siku kumi afisa ugani alinipigia simu. Wachuuzi waliokuwa wakichukua mihogo ya kijiji kile kuipeleka mjini wameacha kuja, kwani habari imeenea kwamba chuo kikuu kimepima na kukuta ina virusi. Hapo mzizi mmoja haujaharibika, soko limekufa kwa mdomo wangu. Sikungoja ruhusa ya mtu. Nilipanda basi, nikaomba mkutano mwingine, mama mmoja akachemsha sufuria la mihogo ya shamba lake, nikala mbele ya watu wote, na wachuuzi wawili tuliowaalika wakala. Nikaeleza kwamba ugonjwa huu ni wa muhogo peke yake, haumwingii mtu wala mbuzi, na mzizi mweupe ni chakula salama kama siku zote. Wachuuzi walirudi baada ya wiki tatu hivi. Wiki hizo tatu za kipato hakuna aliyewafidia wale watu, na kwenye ripoti ya mradi hazimo.

Tangu hapo sisimami mbele ya mkutano bila kwanza kuyajaribu maneno yangu kwa watu wawili au watatu wa pale pale, jioni, jikoni au kijiweni. Ninawauliza, ukisikia neno hili unafikiria nini? Sasa tunasema "ugonjwa wa michirizi", tunaleta mzizi na kisu, tunaukata. Watu wakiona vile vipande vya kahawia wanatikisa kichwa, wanaanza kusimulia wenyewe. Kijiji kimoja walikuwa na jina lao la ugonjwa huo kabla hatujafika, na tukalitumia hilo.

Fedha. Chuo chao kilikuwa kinalipa kwa kurejesha: tumia kwanza, leta stakabadhi, utarudishiwa. Bodaboda wa kijijini hana mashine ya EFD ya kutoa risiti. Mama anayetupikia hana kitabu cha risiti. Niliwaandikia wenzetu mara nne kuwaeleza. Wakati huo kazi haiwezi kusimama, kwa hiyo nilitoa zangu. Mwisho wa msimu nilikuwa nimetumia 1,800,000 za mfukoni, zikiwemo ada za shule za mdogo wangu, na zilirudi baada ya miezi saba, pungufu. Nyumbani hatukuelewana vizuri kipindi hicho. Hatimaye tulikubaliana karatasi moja yenye jina, kazi iliyofanyika, kiasi, namba ya simu na sahihi au dole gumba, wahasibu wa pande zote mbili wakaipitisha. Ilichukua saa moja tu kuiandaa. Ungeweza kuiomba kabla fedha ya kwanza haijatoka, na usikubali kuanza mpaka mhasibu wao na wenu wamezungumza, hata kwa simu.

Na kalenda. Wenzetu huwa huru Julai na Agosti, vyuo vyao vikiwa likizo. Fedha za shamba darasa zilifika mwezi wa tano mwishoni, wakataka tupande ili wageni waje waone. Nilijua kwamba masika yanaisha. Afisa ugani alijua. Bibi yangu angejua. Tulipanda kwa sababu hatukuthubutu kusema hapana kwa mtu aliyeleta fedha, pingili zikakauka ardhini, zaidi ya nusu. Wageni walikuja Julai wakapiga picha safu za vijiti. Mwaka uliofuata nilichora kwenye karatasi kubwa miezi kumi na mbili, nikatia masika na vuli, kupanda, kupalilia, kuchimba, Ramadhani, mitihani ya shule, nikawatumia picha yake. Profesa wao aliniandikia kwamba laiti angeiona mapema. Hakuwa mtu mbaya. Hakujua, nami sikumwambia.

Shamba darasa la pili lilishika vizuri. Hilo nalo likapata mkasa wake: majirani walichuma kisamvu. Safu zetu za vipimo, zenye vibao na namba, asubuhi tukakuta vichwa vimekatwa. Mwanafunzi wangu alikasirika akataka tuweke mlinzi. Mwenyekiti wa kitongoji akasema, "Mmepanda mboga katikati ya kijiji halafu mnataka watu waitazame?" Tukapanda safu mbili za pembeni kuzunguka shamba lote, tukatangaza kwamba hizo ni za kisamvu cha yeyote. Hakuna aliyegusa tena za ndani. Safu za pembeni zinahitajika kwenye jaribio lolote hata hivyo, kwa hiyo hatukupoteza kitu.

Mwishoni mwa 2018 nilikwenda kwenye maabara yao kwa miezi mitatu. Nilijifunza mengi, na mwalimu aliyenisimamia benchini alikuwa na subira ya ajabu. Nitasimulia kimoja tu. Kwenye dirisha la ofisi ya katibu wa idara kulikuwa na chungu cha maua ya zambarau, majani yake manene yenye vinyweleo. Nilisimama nikayatazama. Katibu akaniambia ni maua ya kawaida, yanauzwa hata kwenye maduka ya vyakula. Nikamwambia kwao ni kwetu, milima ya Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa eneo hilo, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka Ujerumani kwa baba yake; kisha mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen akayapa jina la Saintpaulia mwaka 1893, na tangu hapo dunia nzima inayapanda madirishani. Biashara yote hiyo, na misitu ilikotoka haikupata kitu. Watu watatu wa maabara walikuja kusikiliza. Jioni ile ndiyo mara ya kwanza tulizungumza wazi, kama washirika, kuhusu majani niliyokuja nayo kwenye begi: ni ya nani, yatakaa wapi, nani ataruhusiwa kuyatumia baada ya mradi.

Mazungumzo hayo yangefanyika kabla ya jani la kwanza kuchumwa. Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika 2014, imewekwa kwa ajili ya mambo kama hayo hasa, kwamba anayetumia mimea ya nchi nyingine apate ridhaa na wagawane faida. Sisi mkataba wetu wa kuhamisha sampuli ulikuwa nakala ya mkataba wa mradi mwingine, umebadilishwa majina. Wanasheria wa vyuo viwili waliporudi kuusoma sawasawa, sampuli za safari ya pili zilikaa kabatini miezi mitano zikisubiri sahihi. Anza na mkataba huo. Uandike kwa maneno unayoyaelewa mwenyewe. Usisahau na cheti cha afya ya mimea cha kusafirishia, ambacho sasa kinatolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Uliza mapema wanataka nini, kwani mgeni akibeba majani mkononi bila karatasi yatateketezwa uwanja wa ndege, tena ni halali yateketezwe.

Jambo la majina ya waandishi lilinikosesha usingizi kuliko yote. Rasimu ya kwanza ya makala ilikuja ikiwa na majina sita, yote ya kwao. Sisi, pamoja na mwanafunzi wangu aliyezunguka mashamba yote kwa miguu, tulikuwa kwenye shukrani mwishoni. Nilikaa na barua pepe ile siku nne. Wakubwa wangu walisema niachane nayo nisije nikaharibu ufadhili. Niliandika. Bila matusi, nilipanga kwa safu kila kazi iliyofanyika na aliyeifanya, nikauliza kila safu ina jina gani juu ya makala. Jibu lilikuja kesho yake, na majina matatu yakaongezwa, la mwanafunzi wangu likiwa la pili. Ninaamini hawakukusudia kutudharau, ndivyo walivyozoea tu. Hata hivyo siku nne zile sitaki mwingine azipitie. Kikao cha kwanza kabisa, uliza makala zitakuwa ngapi, kila moja inaongozwa na nani, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Upande wa shule ndio uliotupa furaha, japo ulikuwa na fedha kidogo kuliko zote. Tulianza vibaya, kwa mihadhara ya picha ukutani, wanafunzi wakisinzia. Mwalimu wa baiolojia akatushauri tuwatoe nje. Tukawapeleka shambani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu inzi weupe wakati wa baridi hawaruki ovyo. Unashika kikonyo cha jani kwa vidole viwili, unaligeuza polepole, kana kwamba unamgeuza mtoto aliyelala. Chini ya jani wamekaa, wadogo kama chembe za unga. Unahesabu majani matano ya juu, unaandika. Msichana mmoja wa kidato cha pili alihesabu mti mmoja akapata 63, mti wa jirani yake wa mbegu tofauti akapata 9, akarudia mara tatu kwa kutoamini. Kisha akaniuliza swali lililokuwemo kwenye zile kurasa kumi na moja za andiko letu: je, wanachagua? Tangu siku hiyo hatukurudi tena darasani na picha.

Tuliwapa pia simu yenye Nuru, programu iliyotengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, inayotazama jani kwa kamera na kutaja ugonjwa hata pasipo na mtandao. Wanafunzi waliipeleka kwenye mashamba ya wazazi wao. Inasaidia, ila mzizi haiuoni, na hilo tuliwaambia wazi.

Sasa narudi barazani, Novemba 2020. Makala ilikuwa imetoka. Korona ilikuwa imezuia safari za wageni, fedha za kurudisha matokeo zilikuwa zimehamishiwa kwenye kipengele kingine kwa kuwa muda umepita, nami nilikuwa nimekwenda Muheza kwa nauli yangu, kwa jambo la familia. Nilipita tu kusalimia.

Nikamwambia ukweli. "Mama, majani yako yaliharibika mkononi mwangu. Sikukuambia. Nisamehe."

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Basi mngesema. Mimi sikupanda lile shamba la bondeni msimu wote, nikingoja namba."

Sijui kama naweza kuyaeleza maneno hayo yalinifanyaje. Nilikuwa nimeihesabu 17 kuwa sampuli moja iliyopotea kati ya 41. Kwake ilikuwa shamba zima, msimu mzima. Siku ile ile tuliteremka bondeni na jembe, tukachimba miti sita ya mbegu ya Kiroba aliyokuwa nayo upande wa juu, juu ya lile shamba tupu. Kiroba huvumilia, hubeba virusi bila kuonyesha sana. Tulikata kila mzizi vipande vitano. Mizizi ya miti minne ilikuwa myeupe, ya miwili ina madoa. Nilimwonyesha miti ya kuchukulia pingili na ya kung'oa, akaifunga kitambaa ile mizuri. Jibu ambalo hakulipata kwa miaka miwili lilipatikana kwa kisu cha jikoni ndani ya saa moja. Nilishindwa kulala usiku ule kwa kuwaza ningeweza kufanya hivyo 2018 kabla hata ya kuondoka shambani kwake.

Chuo chao kilipotaka awamu ya pili, niliweka masharti, na wakuu wangu safari hii waliniunga mkono. Siku ya kuchukua sampuli, mkulima anaonyeshwa hapo hapo kinachoonekana kwa macho na kwa kisu. Majibu ya maabara yanarudi ndani ya miezi minne, kwa karatasi moja ya Kiswahili yenye namba yake, na sampuli ikiharibika, inaandikwa imeharibika. Fedha za safari hiyo zinakaa kwenye akaunti ya chuo chetu tangu siku ya kwanza na hazihamishiki. Profesa wao alisoma akauliza swali moja tu, kama miezi minne inatosha. Tukafanya mitano.

Oktoba 2022 tulipanda kwenye shamba lake la bondeni, pingili safi tulizozipata kwenye kituo cha utafiti, mita moja kwa mita moja. Wasichana wawili wa ile klabu ya shule, sasa wako kidato cha sita, walikuja kusaidia kupima kamba. Mvua ilichelewa siku nane. Mama alikuwa anateremka kila asubuhi kutazama, na kila asubuhi ananipigia: bado. Siku ya tisa hakupiga, nikapiga mimi. Nilisikia mvua kwenye bati kabla sijasikia sauti yake.